Ankal wa miaka 41 anaitaka timu ya Taifa, mnacheka nini?

Najua wiki hii mlitegemea niendelee na ile stori ya wachumba wanaochunguzana simu. Hiyo tuiweke kiporo kwanza. Kuna ishu imezuka kijiweni kwetu Mwanjelwa, na nisipoitoa leo itanikaba roho.

Kijiweni pale kuna jamaa tunamwita ankal. Ana miaka 41, anauza vipuri vya pikipiki, ana mke, watoto watatu na kitambi kidogo ambacho mwenyewe anakiita "akiba". Bwana huyu alisoma Dar, na huko shuleni akafundishwa kriketi. Kazi yake ni kurusha, tena siyo kwa kasi. Anarusha ile mipira ya taratibu inayozungushwa kwa vidole, ikigusa chini inakata kona kama kipanya kilichomwona trafiki. Wenyewe wanaiita spini.

Juzi ankal akalipua bomu. Amepigiwa simu na washikaji zake wa zamani, klabu yao ya Dar imepungukiwa mrushaji wa spini. Akienda atacheza ligi, na kwenye ligi ndiko wateuzi wanakotupia macho. "Mdogo wangu," akaniambia, "sijawahi kuvaa jezi ya Taifa. Nilipokuwa na miaka 24 nilikaribia, nikaja huku kutafuta maisha. Nataka nijaribu mara moja tu, kabla goti halijasema hapana."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mmoja akamwambia ataitwa timu ya Taifa ya bao. Mwingine akauliza kama jezi zitashonwa na mfuko wa dawa ya kuchua. Na mimi nilicheka, sifichi. Ankal akatabasamu kidogo, akaokota spana zake, akarudi dukani. Hakumaliza hata kahawa yake.

Sasa hapo ndipo roho iliponisuta. Nikaenda kuchimba, nikakuta aliyestahili kuchekwa ni mimi.

Kwa wale ambao kriketi kwao ni kitu cha Wahindi na Wazungu, somo la dakika moja. Mrushaji anarusha mipira sita, hiyo inaitwa ova moja. Mpigaji ana gongo, nyuma yake kuna vijiti vitatu. Akipiga na kukimbia anapata mikimbio. Ukimtoa, umepata wiketi. Mrushaji mzuri ni yule anayetoa mikimbio michache na wiketi nyingi. Basi, umeiva.

Haya, twende Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Machi 2003. Kombe la Dunia. Kenya, majirani zetu, wanakutana na Australia, mabingwa watetezi, watu waliokuwa wakila timu kama karanga. Upande wa Kenya kuna mtoto wa Mombasa anaitwa Aasif Karim, mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto. Alishawahi kuwa nahodha wa Kenya kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1999, kisha akastaafu zake. Kwa kombe hili la 2003 wakamrudisha. Ana miaka 39. Ungekuwa kijiweni kwetu, si ungecheka?

Karim alirusha mipira 50 siku ile, akatoa mikimbio 7 tu. Ova sita kati ya nane alizokamilisha zilikuwa kavu kabisa, hakuna hata mkimbio mmoja. Akachukua wiketi tatu, ya kwanza ikiwa ya nahodha wa Australia mwenyewe, Ricky Ponting. Australia walishinda mechi, maana Kenya walikuwa na mikimbio 174 tu ya kulinda. Lakini mchezaji bora wa mechi alitoka timu iliyofungwa, naye ni huyo mstaafu. Mashindano yalipokwisha, akaning'iniza viatu. Safari hii kweli.

Utasema hayo ni ya kale. Poa, njoo mwaka 2024. Kombe la Dunia la ova 20, Uganda wanashiriki kwa mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni, kule Guyana, wanacheza na Papua New Guinea. Kuna dingi anaitwa Frank Nsubuga, mrushaji wa spini, miaka 43, mkubwa kuliko wachezaji wote wa kombe lile. Wakampa mpira. Ova nne, mipira 24, mikimbio 4, wiketi 2. Uganda wakashinda, ushindi wao wa kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia.

Na kama unadhani ni mambo ya Afrika tu, kuna Mwingereza anaitwa Wilfred Rhodes. Mwaka 1926 wateuzi walimrudisha akiwa na miaka 48 kuikabili Australia, na Uingereza wakashinda. Mechi yake ya mwisho ya kimataifa aliicheza Jamaica mwaka 1930 akiwa na miaka 52. Kwenye mechi zile ndefu za siku nyingi, mpaka leo hajatokea wa kumzidi kwa umri. Naye kazi yake ilikuwa spini. Unaona sasa?

Kwa nini iwe spini? Nilimwuliza ankal mwenyewe, nikiwa nimemnunulia kahawa nyingine ya kuombea msamaha. Akanieleza vizuri. Mrushaji wa kasi anakula mtaji wa mwili: mgongo, kifundo cha mguu, bega. Miaka thelathini na kitu anaanza kudaiwa. Wa spini anafanya kazi kwa vidole, kifundo cha mkono na akili. Anamsoma mpigaji: huyu ana haraka, huyu anaogopa, huyu anapenda sifa. Mpira mmoja anauchelewesha, mwingine anaurusha juu kidogo, wa tatu anauacha uende wima bila kukata kona. "Ni kama kuuza spea," akasema. "Mteja akiingia tu, unajua huyu atanunua au anakuja kuuliza bei." Ujuzi huo hauuzwi, unaletwa na miaka.

Nikasema haya maneno matamu, lakini tukayapime. Jumamosi iliyofuata tukapanda basi la alfajiri kwenda Iringa. Ankal ana rafiki yake mwalimu kule, ambaye jioni huwakusanya vijana wa chuo wanaocheza kriketi, wengi wao watoto wa Dar. Tulipofika Mafinga baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ankal alikaa njia nzima mikono kwapani. Nikamwuliza vipi, akasema vidole vikiganda mpira hauzunguki. Kumbe hata hilo ni hesabu.

Kiwanja chenyewe ni cha mpira wa miguu, vumbi tupu, maeneo ya Kihesa. Akatoka kijana mrefu, miaka kama 20, gongo mkononi, akamwendea ankal kwa heshima zote: "Shikamoo mzee." Jamani! Hakuna kitu kinachomuumiza mchezaji kama kuamkiwa shikamoo na mpinzani wake. Ankal akaitikia marahaba, lakini niliona shingo imekaza.

Ova ya kwanza ilikuwa aibu. Dogo alipiga mpira ukavuka miti. Ankal akarudi kwangu akihema, akasema sababu ni hewa. Nikadhani anajitetea, baadaye nikagundua ana hoja. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Johannesburg, na Iringa inaifuata kwa karibu. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Mpira ukipigwa unakwenda mbali, na ule wa spini haupepei sana angani kabla ya kutua. Mrushaji wa nyanda za juu anajifunzia kazi mahali pagumu. Akishuka Dar, penye hewa nzito, huenda akakuta mzigo umepungua.

Ova ya pili ankal akabadilika. Akapunguza mwendo, akaanza kumchezea dogo kichwani. Ova ya tatu akamrushia mpira wa juu, mtamu, wa kuita. Dogo akatoka mbio kuufuata na gongo lake. Mpira ukatua, ukakata kona, ukapita kati ya gongo na mguu, ko! Kijiti cha katikati chini. Vijana wakapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Ova ya nne akamtoa tena, kwa ule usiokata kona.

Mipira 24 imekwisha, wiketi mbili. Kama Nsubuga, nikasema moyoni, ukitoa ile mikimbio ya kwanza ambayo tusiitaje.

Lakini mchezo haukuishia hapo, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Ankal akaenda kusimama uwanjani kudaka, zamu ya wengine kurusha. Mpira ukaja chini chini, wa kawaida tu. Akainama, goti likagoma nusu njia, mpira ukapita katikati ya miguu. Akageuka kuukimbilia. Wale vijana kwa adabu yao hawakucheka. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Piga hesabu sasa. Kwenye mchezo wa ova 20, timu inarusha mipira 120. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova nne, yaani mipira 24. Iliyobaki 96 anakuwa uwanjani kama wenzake, anakimbia, anainama, anadaka. Ile 24 ankal anaiweza, nimeiona kwa macho yangu. Hii 96 ndiyo inayoweza kumrudisha Mwanjelwa. Mteuzi yeyote mwenye akili ataiona.

Na vijana hawalali, wazee wangu. Mwaka 2025 timu yetu ya chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2026, mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Mwaka huohuo wa 2025 wakubwa walifika nusu fainali ya kufuzu kule Harare, wakakwama kwa Namibia. Maana yake foleni ya jezi ni ndefu, na waliopo mbele wana miguu mipya.

Kuna jambo la pili, nalo lisimwangukie ankal peke yake. Karim na Nsubuga walikuwa wanajulikana. Walishavaa jezi za nchi zao, wateuzi walijua wanamtafuta nani. Kriketi ya nchi hii kwa sehemu kubwa iko Dar. Ankal wetu amekaa Mbeya miaka 17, nani alimwona? Angekuwa na miaka 21 akiwa Mbeya au Iringa, bado asingeonekana. Kwa hiyo mnaposema amechelewa kwa umri, semeni pia kwamba alicheleweshwa na barabara. Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka pale kijiweni.

Kuna wale wenye huruma waliosema, "Ankal, achana na kucheza, kuwa kocha." Jamani, ukocha siyo jalala la kutupia wazee. Ni kazi, mtu anaichagua akishamaliza ile ya kwanza. Huyu hajamaliza. Hajaanza hata kuhukumiwa.

Aliyeongea la maana ni shemeji. Nilitegemea atafoka. Akakunja kanga, akamwuliza mumewe maswali matatu: duka atakaa nani, ada ya muhula ujao iko wapi, na lini utajua kwamba imeshindikana? Hakugusa umri hata kidogo. Ankal akajibu mawili ya kwanza. La tatu akalikwepa, shemeji akalirudia taratibu, kama mrushaji wa spini mwenyewe.

Mwisho wakakubaliana. Mdogo wake shemeji atakaa dukani. Ankal anaanza mazoezi ya magoti na kukimbia sasa hivi, kitambi kitangulie kustaafu. Anakwenda Dar msimu mmoja. Kama msimu ukiisha bila hata kuitwa kambini, anarudi nyumbani na mjadala umefungwa.

Mnauliza nafasi yake ni ipi? Finyu, tena finyu sana. Ningekuwa mtu wa kamari nisingeweka hata nauli. Lakini ni finyu kwa sababu ya ile mipira 96, na kwa sababu hakuna mteuzi anayemjua. Ile namba 41 peke yake haijamtoa mtu kwenye kikosi. Hayo mengine mawili yanaweza kufanyiwa kazi. Miaka ndiyo haifanyiwi kazi, na ndiyo sisi tuliyokuwa tunaicheka.

Alfajiri ya safari nilimsindikiza stendi. Begi moja, na mpira mmoja wa ngozi mfukoni, anauzungusha kwa vidole bila kutoa mkono nje. Konda akamwona, akampokea begi. "Shikamoo mzee," akasema. Ankal akanitazama, tukacheka wote wawili. Safari hii cheko lilikuwa la kwake.

Wewe msomaji, una ankal wako pale kijiweni? Basi acha amalize kahawa. Ile stori ya wachumba wa simu nimeitunza, wiki ijayo naishusha yote. Alamsiki.