Imani isiwe fimbo ya kumpigia mgonjwa

Mwishoni mwa miaka ya themanini palifanyika mkutano wa injili katika uwanja mmoja wa wazi huko Kipevu, mahali ambapo mtu aliweza kuona mabomba ya moshi ya kituo cha umeme. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Polio ilikuwa imenipooza mguu wa kushoto kabla sijatimiza miaka miwili, nami nilitembea kwa magongo mawili ambayo baba, kibarua wa bandarini, alinichongea kwa mbao za makasha. Jioni ya tatu ya mkutano mama alinipandisha jukwaani. Mhubiri aliniwekea mkono kichwani, akaomba kwa sauti kuu, kisha akayatwaa magongo yangu, akayainua juu ili umati uyaone, akayatupa kwenye rundo la magongo na bakora lililokuwa nyuma yake. Vigelegele vikarindima. Nilipiga hatua mbili, nikaanguka. Mwanamume mmoja aliniinua haraka akaniteremsha upande wa pili wa jukwaa, ambako taa hazikufika.

Mama alinibeba mgongoni hadi nyumbani Chaani. Kesho yake alirudi uwanjani kuyadai magongo. Msaidizi mmoja wa mhubiri akamwambia kwamba kuyadai ni dalili ya shaka, na kwamba shaka hiyo ndiyo iliyomzuia mtoto kupona.

Sisimulii haya ili nionewe huruma. Mguu ule ule umenifikisha mbele ya ubao wa chuo kikuu. Wala siandiki kuipinga imani, kwani mimi ni Mkristo na huomba dua kila siku, mara nyingine kwa ajili ya mguu huo huo. Ninaandika kwa sababu mikutano ya namna hiyo ingalipo, mabango yake hubandikwa hadi kwenye kuta za shule, na miongoni mwa wanaoihudhuria wamo wanafunzi wetu.

Kazi yangu ni lugha, kwa hiyo na nianze na neno. Kiswahili kina neno 'mzima', na sijui neno lenye ukarimu kulishinda. Mzima ni asiyeugua. Mzima ni aliye hai, ndiyo maana baada ya ajali watu huulizana kama fulani yu mzima. Mtu mzima ni yule aliyepevuka. Siku nzima ni siku isiyopunguzwa, na chungu kizima ni kile kisicho na ufa. Wakikuyu wana mzizi huo huo katika umbo la -gima, na Wakamba -ima. Nao pia humwita aliyepevuka mtu mzima. Waganda wana mzizi mwingine, lakini neno lao 'obulamu' hubeba uhai na afya kwa pamoja. (Wanafunzi wangu hupenda kuunganisha 'uzima' na 'mzimu', au na 'kuzima taa'. Wasijisumbue. Mizizi hiyo ilikuwa mbalimbali tangu katika Kibantu cha kale, ijapokuwa leo inasikika kama ndugu.)

Tazama sasa jinsi upana huo ulivyobanwa jukwaani. Wazee wetu walisema mgonjwa 'amepona', na kitenzi hicho hakimdai mgonjwa chochote. Mtu hupona homa, huponea chupuchupu, hutafuta riziki ya kuponea. Siku hizi mgonjwa huamriwa 'apokee uponyaji wake'. Uponyaji umekuwa kifurushi, mfano wa shehena iliyokwisha teremshwa Kilindini ikawa inamngoja mwenyewe aje na stakabadhi. Asiyetoka nayo mzigo haukukosekana; ni yeye aliyekosa kuupokea. Kitenzi kimoja kimeuhamisha wajibu kutoka kwa mponyaji hadi kwa mgonjwa, na kama mgonjwa ni mtoto, hadi kwa mama yake. Mama yangu alifunga kila Ijumaa kwa miaka mingi ili kuongeza imani aliyoambiwa kwamba imempungukia. Alipokuwa kwenye kitanda chake cha mwisho, mimi nikiwa tayari nina shahada ya uzamili, aliniomba msamaha kwa sababu ya mguu wangu. Nilimwambia, "Mama, hukunikosea lolote." Sidhani kwamba aliniamini.

Wahubiri watasema kwamba wana andiko, na kweli wanalo. Katika Injili yupo mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12, naye aliambiwa kwamba imani yake ndiyo iliyomponya. Kitenzi cha Kiyunani kilichotumika hapo ndicho kile kile alichoambiwa mwanamke mwenye dhambi nyumbani kwa Farisayo, ila huko watafsiri wetu wa mwaka 1952 waliandika kwamba imani yake imemwokoa. Kuponywa na kuokolewa ni neno moja katika lugha ya asili. Lakini wanawake wote wawili walisifiwa. Andiko likimsifu aliyepona kwa imani yake, halitupi ruhusa ya kumhukumu asiyepona kwa kuikosa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mantiki anajua kwamba sentensi haigeuzwi hivyo.

Tena lipo tukio ambalo sijapata kulisikia likihubiriwa katika mikutano hiyo. Baba mmoja alimleta mwanawe mwenye kifafa kwa wanafunzi wa Yesu, nao wakashindwa kumponya. Walipouliza sababu ya kushindwa kwao, jibu likawa kwamba imani yao ilikuwa haba. Haba ya nani? Ya waombeaji! Mtoto hakulaumiwa, na baba yake, ambaye katika masimulizi ya Marko alikiri waziwazi kwamba anaamini na papo hapo anahitaji kusaidiwa kutokuamini kwake, hakurudishwa nyumbani na mwanawe mgonjwa. Lau kanuni hiyo ingefuatwa Kipevu jioni ile, mhubiri angeshuka jukwaani akafunge Ijumaa zake mwenyewe.

Au tumchukue yule mtu wa Yohana sura ya tano, aliyelala kando ya birika kwa kuwa alikuwa ameugua miaka 38. Aliulizwa kama anataka kuwa mzima, na hata 'ndiyo' hakuijibu. Alilalamika tu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Akaponywa hivyo hivyo, na baadaye alipohojiwa ni nani aliyemponya, hakumjua. Imani yake ilipimwa kwa kipimo kipi? Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake wa mwilini, na haukuondolewa. Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, akamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na alisafiri na Luka aliyekuwa tabibu. Pwani yetu yenyewe ina ushahidi wa namna hiyo. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga upande wa bara, huko Nyali. Ndiye yule aliyetukusanyia maneno yetu katika kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Sijamsikia mtu akidai kwamba Krapf alizika kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo. Mbona mama wa Chaani aambiwe?

Nisieleweke kana kwamba nakana kuwa watu hupona. Mwaka 1957 Mmarekani T. L. Osborn alifanya mikutano mikubwa ya maombezi papa hapa Mombasa. Miongoni mwa waliobadilika humo ni kijana Joe Kayo, ambaye baadaye alikuwa mwanzilishi wa kanisa la Deliverance nchini Kenya. Mtu akitoa ushuhuda wa maisha yake, si kazi yangu kumkatiza. Ninachokataa ni hesabu inayofanywa pembeni ya ushuhuda, ambapo waliopona huhesabiwa kuwa kazi ya mhubiri, na wasiopona wakaandikiwa deni lao wenyewe.

Hamu ya kuwa mzima ni kubwa kuliko tunavyokiri sisi wasomi. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri nchini Tanzania, Ambilikile Mwasapile, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga. Akawa anaigawa kijijini Samunge, Loliondo, kikombe kimoja kwa shilingi 500 za huko. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Walikwenda maskini, walikwenda mawaziri, na Wakenya wakavuka mpaka kwa wingi. Wapo waliokata roho katika foleni, na wapo walioacha dawa zao za Ukimwi au kisukari baada ya kunywa. Ni rahisi kuwacheka. Lakini mtu ambaye ameambiwa hospitalini kwamba ugonjwa wake hauna tiba, kisha akasikia kwamba kuna kikombe kwa bei ya soda, atabaki nyumbani kwa hoja gani? Mzee yule, aliyefariki Julai 2021, angalau hakumpima mtu imani mlangoni. Palipo na hatari ya kweli ni pale dua inapofanywa kuwa adui wa dawa. Jirani zetu wa Kilifi waliona mwaka 2023 mwisho wa mafundisho yaliyowakataza watu shule na hospitali: katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Na katika kaunti hiyo hiyo, huko Kaloleni, ipo hospitali ya kanisa la Anglikana yenye jina la Mtakatifu Luka, yule tabibu. Wamishonari walioianzisha hawakuona kwamba sindano inamtukana Mungu.

Lugha yetu nayo ina deni lake, na haifai mwalimu wa isimu alifiche. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibogoyo: wote tumewapanga katika ngeli moja na kiti na kijiko. Najua kwamba kiongozi na kijana wamo humo humo, hivyo tusiharakishe kutoa hukumu juu ya kiambishi. Hata hivyo mtoto anayeitwa 'kiwete' kila siku uwanjani huanza kuamini kwamba yeye ni kitu kilichovunjika kinachongoja kutengenezwa, na mtoto wa namna hiyo ndiye anayeuzwa kwa urahisi jukwaani. Mimi nilikuwa mtu kamili kabla ya mkutano ule. Nilijua kusoma, nilijua kuogelea kuliko ndugu zangu, na makondakta walipoita "Magongo! Magongo!" kuwatafutia abiria wa mtaa ule, nilidhani kwa muda mrefu kwamba wananiita mimi, nami nikawapungia mkono.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alianguka kifafa katika mhadhara wangu. Alikuwa ameacha vidonge wiki tatu kabla, baada ya kuombewa na kutangazwa kuwa amepona. Alipozinduka hakuuliza juu ya kichwa chake kilichopasuka. Aliuliza kama ni nani aliyemwona, kwa maana kanisani wangejua kwamba ameupoteza uponyaji. Walimu wenzangu, hasa wa shule za bweni, mnao kama huyu. Mtoto akirudi kutoka mkutanoni na kusema amepona, msimdhihaki, wala msimkemee aliyemwombea. Mpelekeni kliniki, daktari ampime na aamue kuhusu vidonge. Kama amepona kweli, kipimo hakitamdhuru Mungu.

Kwa wahubiri nina ombi dogo. Yule mtu wa birikani aliambiwa ajitwike godoro lake aende, naye akaondoka nalo. Hakuna aliyemnyang'anya ili lionyeshwe watu. Basi mtoto akipandishwa jukwaani na magongo yake, mwombeeni kwa nguvu zenu zote, ila magongo mwachieni. Akiamka kesho asiyahitaji, atayarudisha mwenyewe, na kutoka Chaani hadi Kipevu si mbali.