Usipime dirisha kabla ya plasta!

Leo tuyaweke kando mapenzi kidogo, tuzungumzie kitu kinachogombanisha watu karibu sawa na nyumba ndogo. Nacho ni dirisha. Usicheke bwana, ngoja nikupe mkasa.

Siku hizi vijana wa Dar wamejazana Morogoro kusaka viwanja. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar na Moro, Juni 2024, mtu anapanda asubuhi, anakwenda kukagua boma lake Kihonda au Bigwa, jioni yuko zake kijiweni Dar. Safi sana. Balaa ni kwamba kwa siku hiyo hiyo moja anataka amalize kila kitu. Fundi akiuliza, "Bosi, madirisha vipi?" yeye anachomoa tepu, anapima, anaagiza. Kwisha kazi!

Yalinikuta mimi, ndiyo maana nina uchungu.

Nilikuwa namjengea bi mkubwa nyumba Kihonda. Yeye alikuwa akiishi Mgeta, huko juu Uluguru, na baridi ilishaanza kumkamata miguu. Nilimwahidi kwa kinywa kipana, "Mama, masika hayakukuti huku." Ilikuwa Januari, na boma lilishafungwa linta na kupauliwa. Masika Moro ni Machi hadi Mei, kwa hiyo nikapiga hesabu za kijanja. Mafundi wakiwa wanapiga plasta, madirisha nayo yawe yanatengenezwa. Nikapima matundu mwenyewe. Upana sentimita 150, kimo 120. Nikampa fundi wa aluminiamu vipimo pamoja na nusu ya pesa.

Mzee aliyekuwa akinijengea aliniambia, "Kijana, subiri plasta." Nikaona huyu naye anataka kuvuta siku ili ale posho. Kumbe masikini alikuwa ananihurumia.

Mwisho wa Februari madirisha yakaja, yanang'aa kama sahani za harusi. La kwanza likagoma kuingia. La pili likagoma. Manne kati ya sita yakagoma katakata! Plasta, ndugu yangu, inakula kama sentimita moja na nusu kila upande. Tundu la 150 linabaki 147. Na mimi nilijengea tofali za kuchoma, ambazo kila moja ina sura yake kama watoto wa shule moja, hivyo plasta ilibidi inenepe ili ukuta unyooke. Kuna tundu lilibaki 145. Sasa utaliingizaje dirisha la 150 hapo? Kwa maombi?

Nikamjia juu fundi wa aluminiamu. Akanionyesha karatasi yenye mwandiko wangu. Nikanywea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi nikalipia ukuta, kisha nikalipia kuubomoa. Kwingine tulibomoa plasta mbichi, kwingine fremu zikakatwa upya na vioo vyake. Pesa za rangi zikaenda hapo. Mvua nazo hazikusubiri. Mama akakaa Mgeta masika yote. Nilipompandia mwezi Mei kumwomba radhi, akanitazama, akasema, "Baba, madirisha yangu ni madogo, lakini yanafunga." Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi wewe usifike huko. Utaratibu wenyewe ni huu.

Linta na paa vikishakamilika, zinaingia grili, kwa sababu miguu yake inachimbiwa ukutani na plasta inakuja kuifunika. Baada ya hapo ndipo plasta inapigwa, ndani, nje na kwenye mashavu ya dirisha. Malizia kabisa kizingiti cha chini, na hakikisha sehemu ya nje ina mteremko, la sivyo mvua ya Uluguru itakuingilia sebuleni bila hodi. Ukiweka marumaru kwenye kizingiti, weka kabla ya kupima, kwani nazo zinakula kimo.

Hapo sasa lete tepu. Upana upimwe mara tatu: juu, katikati na chini. Kimo vivyo hivyo: kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, si cha wastani. Kisha pima kutoka kona hadi kona, kwa njia zote mbili. Zisipolingana, tundu limekaa upande, mwite mwashi na pima maji yake alirekebishe. Fundi atapunguza kama milimita tano kila upande ili dirisha liingie bila kugombana na ukuta, na nafasi hiyo ataiziba kwa silikoni. Kila tundu lipewe namba yake, maana hata mapacha hawalingani.

Wewe wa mbao je? Fremu ya mbao inaweza kutangulia plasta, kwani yenyewe inajengewa ukutani. Ila milango ya dirisha ipimwe fremu ikishasimama imara. Na mbao iwe imekauka, jamani! Ukiweka mbichi leo, kiangazi itasinyaa na kupinda, mbu wapite wanaimba.

Kama una haraka, kuna mambo unaweza kumaliza mapema: chagua fundi, patana bei, chagua rangi na kioo. Kipimo tu ndicho kinachosubiri. Na hapa weka nyota: anayetengeneza ndiye apime, na iandikwe kwenye risiti kwamba kapima yeye. Likigoma, mzigo ni wake. Mvua ikikuwahi, funika matundu kwa turubai. Wiki mbili za turubai hazijamuua mtu.

Mama yangu sasa yuko Kihonda, miguu imetulia. Kila mgeni akija anaonyeshwa dirisha moja la sebuleni lenye kiraka cha plasta pembeni, huku anasema, "Hapa ndipo mwanangu aliposoma." Nacheka, nitafanyaje?

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na tepu yako iache mfukoni kwanza.