Betri Chini ya Kitanda

Mafundi wafungao paneli za sola juu ya magari ya safari aghalabu huulizwa swali moja na wenye magari: paneli ya wati ngapi yatosha? Swali hilo laonekana kuwa la kisayansi kwa kuwa lina namba ndani yake, lakini kwa hakika limeanzia mwisho. Magari hayo, yenye kitanda, jiko dogo na friji ndani, au hema juu ya paa, hupiga kambi siku mbili tatu katika Serengeti, Ruaha au Katavi, mbali na nguzo za umeme. Jua la huko ni jingi. Kinachoshindwa ni betri, na betri hushindwa kwa sababu hakuna aliyeketi na kalamu kwa dakika kumi kabla ya kwenda dukani.

Historia ya umeme wa jua yenyewe imebeba fundisho hilo. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 1954, pale Chapin, Fuller na Pearson wa maabara za Bell huko Marekani walipounda seli ya silikoni iliyogeuza takriban sehemu 6 katika 100 za nishati ya mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye setilaiti ndogo iitwayo Vanguard 1 ilirushwa angani ikiwa na mitambo miwili ya redio, mmoja ukitumia betri na wa pili ukitumia seli za jua. Mtambo wa betri ulinyamaza mwezi Juni mwaka huo huo wa 1958. Ule wa jua uliendelea kutuma mawimbi hadi mwaka 1964. Paneli za siku hizi, ambazo nyingi hufikia sehemu 20 katika 100, huweza kudumu miaka 20 na zaidi bila kudai kitu ila kufutwa vumbi. Betri iliyo chini ya kitanda haina ustahimilivu wa namna hiyo, na bado ndiyo inayopewa fikira kidogo kuliko vyote.

Kosa la kwanza hufanyika kwa nia njema. Mwenye gari huona kwamba betri ya kuwashia injini ipo tayari, imelipiwa, na ina volti 12 kama vitu vyake vyote; kwa nini isiendeshe friji pia? Jibu limo katika umbo la mabamba yake. Betri ya kuwashia injini hujengwa kwa mabamba mengi membamba ya risasi, ili eneo kubwa liguse tindikali na mamia ya ampea yatoke kwa sekunde chache. Baada ya hapo altaneta hurudisha kile kidogo kilichotolewa. Betri hiyo ni mkimbiaji wa mita 100. Kuitaka ilishe friji usiku kucha ni kumtaka mkimbiaji huyo abebe gunia la mahindi kutoka Dodoma hadi Morogoro.

Kemia yake yajulikana tangu Gaston Planté alipotengeneza betri ya risasi mwaka 1859. Betri inapotoa umeme, bamba la risasi na bamba la oksidi ya risasi yote mawili hufunikwa na salfeti ya risasi, na tindikali ya salfa huzidi kuwa majimaji. Chaji ikirudishwa mapema, salfeti huyeyuka tena na mabamba hurudi katika hali yake. Ikiachwa siku kadhaa bila chaji, chembe za salfeti hukua na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Hilo ndilo mafundi wa mitaani hulieleza kwa kusema kwamba betri haishiki moto: inapokea chaji kwa saa moja, inaonyesha volti nzuri, kisha taa mbili zaimaliza. Zipo betri zilizoundwa kwa mabamba mazito ili kustahimili kutolewa kwa kina, nazo ndizo zifaazo kwa kazi hii. Lakini hata hizo hufupishiwa maisha zikizoeshwa kushuka chini ya nusu ya ujazo wake. Kwa hiyo betri ya risasi iliyoandikwa ampea-saa 100 hapana budi ihesabiwe kuwa na 50. Nusu iliyobaki si akiba ya matumizi, ni bei ya kuifanya betri iishi.

Na sasa ije ile kalamu. Friji ndogo ya kompresa hutumia takriban wati 45 inaponguruma. Katika joto la mbugani, ndani ya gari lililofungwa, yaweza kunguruma nusu ya saa zote 24, yaani wati-saa 540. Taa mbili za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 50. Feni ya wati 15 kwa saa 6 ni 90. Simu na kompyuta ya mkononi zichukue 100. Jumla ni wati-saa 780 kwa siku. Ukigawanya kwa volti 12 hupatikana ampea-saa 65. Betri moja ya ampea-saa 100, ambayo wengi huifunga na kujiona wamejitosheleza, haimalizi hata mzunguko mmoja wa mchana na usiku bila kuvuka mpaka wake. Mbili hutosha kwa siku moja na nusu. Ni hapo tu ndipo swali la paneli lipaswapo kuulizwa. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hupata, katika siku ya kawaida, mwanga ulio sawa na saa 5 za jua kamili la wati 1,000 kwa mita ya mraba. Wati-saa 780 zikigawanywa kwa 5 ni wati 156. Na kwa kuwa takriban sehemu 30 katika 100 hupotea kwa joto, vumbi, waya na betri yenyewe, yahitajika paneli ya wati 220 hivi. Siku ya mawingu mazito ya masika mavuno huweza kushuka chini ya nusu, na hapo ndipo ujazo wa betri, wala si ukubwa wa paneli, unapoamua kama nyama itaoza.

Friji, kama hesabu ionyeshavyo, imechukua zaidi ya theluthi mbili ya umeme wote. Kuifunika kwa blanketi upande usio na matundu ya hewa, na kutoifungua kila mara, huleta faida ambayo hakuna duka liiuzalo. Ajabu ni kwamba wasafiri wengi watalipia paneli ya pili kabla ya kufikiria kifuniko cha friji.

Hapa hutokea ugomvi baina ya paa na kivuli. Msafiri mwenye akili huegesha gari chini ya mgunga ili lipoe, na friji humshukuru. Paneli iliyobanwa juu ya paa haina shukrani. Seli zake 36 zimeunganishwa mfululizo, mkondo ule ule ukipita katika zote, na seli moja iliyofunikwa na kivuli cha tawi au cha gurudumu la akiba huziba njia ya wenzake kama mtu aliyesimama mlangoni mwa basi. Watengenezaji huweka diodi za kuupitisha mkondo pembeni, lakini hizo hulikwepa fungu zima la seli, si ile moja tu. Kuegesha juani nako kuna gharama yake: paneli iliyolala juu ya bati bila nafasi ya hewa huweza kufikia nyuzi 65, na kwa kila nyuzi moja juu ya 25 nguvu yake hupungua kwa takriban sehemu 0.4 katika 100, hivyo sehemu 16 zimekwisha kwenda. Paneli ya kubebeka, iwekwayo juani huku gari likibaki kivulini, yaelekea kuwa jibu bora kuliko yote mawili, ijapokuwa yahitaji mtu wa kuichunga dhidi ya nyani.

Vitabu vya maelekezo vitokavyo Ulaya husisitiza kuinamisha paneli. Huko wana haki: katika mji wa Edinburgh, jua la adhuhuri mwezi Desemba hupanda takriban digrii 11 tu juu ya upeo wa macho. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, aliye karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, aweza kukokotoa mwenyewe kwamba jua lake la adhuhuri halishuki chini ya takriban digrii 60 mwaka mzima. Kwake paneli iliyolala yatosha, na fedha za vyuma vya kuinamishia zaweza kwenda kwenye waya mnene zaidi.

Zingefaa kwenda huko. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 8 kwenda na 8 kurudi, ukipitisha ampea 10 hupoteza volti 1.1 njiani. Volti moja yaonekana kuwa kitu kidogo mpaka ikumbukwe kwamba betri ya risasi hutaka kama volti 14.4 ili ijae, na kwamba tofauti kati ya betri iliyojaa na iliyobakiwa na nusu, zikiwa zimepumzika, ni ile iliyopo kati ya volti 12.7 na 12.2. Ndiyo sababu kidhibiti chaji hukaa karibu na betri: paneli ya seli 36 hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, ina ziada ya kupoteza njiani, ilhali betri haina. Kidhibiti hicho huiacha chaji ipande hadi 14.4, kisha huishusha karibu na 13.6 kwa kuilinda. Wapo wanaokiruka ili kupunguza gharama. Betri yao huchemka, maji yake hutengana kuwa haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Jambo hilo si la kufanyiwa mzaha panapolala watoto juu ya sanduku la betri. Tundu la hewa la kwenda nje ya gari na fyuzi karibu na ncha ya betri si mapambo.

Watetezi wa betri za lithiamu watasema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Wana sehemu ya ukweli. Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma, ambayo kundi la John Goodenough lilichapisha habari zake mwaka 1997, huvumilia kutolewa sehemu 80 katika 100 kwa maelfu ya mizunguko, na uzito wake ni mdogo sana kwa ujazo ule ule. Tabia yake ya kukataa chaji chini ya nyuzi sifuri humsumbua msafiri wa Norwei kuliko wa Tabora. Lakini bei yake ya kununulia ni kubwa, na hesabu mbaya huifuata hata huko. Anayetumia ampea-saa 65 na kurudisha 40 atafika sifuri tu, siku chache baadaye. Nao wasemao kwamba altaneta yatosha wako sahihi kwa yule aendeshaye saa kadhaa kila siku. Huyo hahitaji paneli, na fundi mwaminifu angemwambia hivyo.

Gari hili la starehe lastahili kuingia katika darasa la fizikia kwa sababu hesabu yake ni ile ile ya nyumba isiyo na umeme wa gridi, ya kibanda cha kuchajia simu, na ya shule. Katikati ya miaka ya 1980, huko Meru nchini Kenya, mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walifunga taa za jua katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, na kazi hiyo ikafuatwa na mafunzo ya mafundi wa hapo hapo. Tangu wakati huo paneli zimeshuka bei mno na kuenea vijijini, lakini maarifa ya betri hayakuenea kwa kasi hiyo. Kaya inayoua betri kila mwaka hukata shauri kwamba jua halifai. Na ni vigumu kuilaumu, maana shule iliwafundisha watoto wake sheria ya Ohm bila kuwaonyesha betri.

Betri iliyokufa nayo haitoweki. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, sumu ambayo Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kuwa salama kwa mtoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliolala jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, walitunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama mwaka 2020, katika kesi iliyokwenda kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Kila betri iliyoishi miaka mitano badala ya mmoja ni betri nne zisizokwenda kwenye tanuri kama lile.

Zoezi lenyewe halidai maabara kubwa. Mwalimu aweza kuazima betri nzima ya ampea-saa 50, taa ya mbele ya gari ya wati 55, voltimita na haidromita. Taa huwashwa asubuhi. Kila baada ya saa moja huzimwa, betri hupumzishwa kidogo, na wanafunzi huandika volti na uzito wa maji ya betri katika jedwali kabla ya kuiwasha tena. Baada ya takriban saa tano za mwanga nusu ya betri imekwisha, ijapokuwa taa bado yaonekana kung'aa kama ilivyokuwa asubuhi. Hapo izimwe, na betri irudishwe kwenye chaji jioni hiyo hiyo.