Herufi P kwenye namba ya mtihani

Na Zuhura Makame

Kila Julai, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, yupo kijana anayesoma mstari wake kwenye simu kisha akaizima bila kusema neno. Tuseme alisoma HKL: Historia D, Kiswahili E, Kiingereza S. Anataka sheria, na ikiwezekana Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, D ni pointi 2, E ni pointi 1, na mlango wa digrii unadai masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Kapungukiwa pointi moja. Anaamua kurisiti, na mjomba wake anamuuliza risiti ya nini, kanunua wapi.

Mzaha huo umechakaa, ila kebehi iliyomo bado mbichi. Anayerisiti hubadilishwa hata utambulisho. Namba yake ya shuleni ilianza na S. Akirudi kama mtahiniwa wa kujitegemea inaanza na P, na herufi hiyo itamfuata kwenye cheti na kwenye fomu ya kuomba chuo. Watu huisoma kama alama ya aliyeshindwa. Hawaulizi imepatikanaje. Mwenye S huingia chumba cha mtihani akiwa na akiba ya upimaji endelevu, alama alizokusanya darasani chini ya macho ya walimu. Mwenye P hana akiba. Kajisomea fotokopi za mitihani ya miaka ya nyuma kwenye benchi la twisheni, pengine jioni baada ya kibarua, na kinachomhukumu ni karatasi za mtihani tu. B ya namna hiyo ina jasho zaidi, kama si jasho la mtahiniwa basi la aliyemlipia twisheni.

Hata hivyo, pointi 4 ni kizingiti, si kiti. Mlimani ndiko elimu ya sheria ya chuo kikuu ilikoanzia Afrika Mashariki, mwaka 1961, wakati madarasa yakiwa bado Mtaa wa Lumumba, na mpaka leo wanaoipigania nafasi hiyo wanatoka kila kona ya nchi. Aliyepandisha E ikawa D kavuka mlango, lakini kasimama mkiani mwa foleni. Wanaorisiti kwa shabaha ya "nipate tu nne" wanapoteza mwaka mzima kununua tiketi ya kusubiri. Ni heri wengine waende Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wasome stashahada ya sheria na kurudi kuomba digrii kwa GPA ya 3.0 au zaidi. Njia ni ndefu, lakini mtu anafika akiwa ameshaonja sheria yenyewe.

Waingereza wameweka kipimo kingine kando ya matokeo ya shule. Tangu 2004 baadhi ya vyuo vyao, Oxford kikiwemo, humpa mwombaji wa sheria mtihani uitwao LNAT: maswali 42 ya kuchambua vifungu vya habari, kisha insha moja. Hauulizi sheria hata kidogo. Unauliza kama mtu anajua kusoma na kujenga hoja. Anayerudia mitihani ya shule kule anapata pahala pengine pa kujionyesha. Hapa pointi zinasema peke yake.

Na kipimo hicho cha kusoma na kujenga hoja tunacho, ila tumekiweka mwisho kabisa wa safari, kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School tu. Mwaka 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu 342. Waliodisko 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Wote 633 walikuwa na digrii ya sheria mkononi.

Kwa hiyo fani inayomtazama kwa jicho la pembeni kijana mwenye P ndiyo hiyo hiyo iliyowaambia zaidi ya nusu ya wahitimu wake warudie. Hakuna aliyewauliza risiti zao.

Kijana wetu wa HKL, wakati huo, anasubiri dirisha la usajili wa watahiniwa wa kujitegemea. Historia anaijua. Kiswahili kina karatasi mbili, na ile ya fasihi ndiyo iliyomwangusha: alikariri majina ya wahusika bila kusoma vitabu. Sasa ana mpaka Mei kuvisoma. Mjomba amekubali kulipa ada ya mtihani, kwa sharti moja tu, kwamba safari hii aletewe risiti.