Andikeni Sifuri Ukutani

Mzungu anayeingia Tanzania kwa barabara anajua bei yake kabla hajafunga begi. Viza ya kawaida ni dola 50, na kama ni Mmarekani, dola 100. Analipa, anapewa risiti, anaenda zake Serengeti. Mimi Mkenya natakiwa kulipa sifuri kwa viza. Pasipoti, muhuri, kwaheri. Sasa mbona ni mimi ninayevuka nikiwa nimepungukiwa na pesa ambazo siwezi hata kueleza zilienda wapi?

Nina jibu, na halinipendezi: sifuri haina risiti. Dola 50 zimeandikwa, kwa hivyo ni kazi kuzigeuza 60 mbele ya mtu aliyesoma. Sifuri haijaandikwa popote pale dirishani, kwa hivyo inaweza kuwa chochote.

Desemba nilikuwa naenda Arusha na marafiki wawili. Mpaka wenyewe sitautaja, maana ukiutaja mmoja mingine itajiona misafi. Jengo ni jipya, maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, vigae vinang'aa. Kabla ya kufika kwenye dirisha la pasipoti kuna meza ya afya, na hapo ndipo niliposhikwa. Sikuwa na kadi ya homa ya manjano. Sikuwahi kuchanjwa. Tanzania inaidai kwa anayetoka Kenya, na hilo kosa lilikuwa langu, sitamsingizia mtu.

"Dada, bila kadi hupiti," akasema jamaa aliyekuwa pale.

Nje, basi letu likapiga honi. Jamaa akaisikia. Akangoja ipigwe tena, kisha akasema, "Lakini tunaweza kusaidiana. Elfu moja."

Nikatoa noti haraka, kabla hajabadilisha nia. Nikapewa kadi ya njano yenye jina langu, muhuri, na tarehe ya sindano ambayo haijawahi kunigusa.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja mwenye furushi la nguo za kuuza. Yeye kadi alikuwa nayo, ya mwaka 2012, kingo zimechakaa kwa kukunjwa.

"Hii imeisha, mama. Ni ya miaka 10 tu."

"Mwanangu, wiki jana hapa nilitoa mia tatu."

"Huyu si ametoa elfu moja? Umemsikia akilalamika?"

Mama akanitazama. Afadhali angenitukana. Akafungua fundo la leso, akaanza kuhesabu noti za mia moja moja.

Tuliporudi ndani ya basi nikagugo, kitu ambacho ningefanya nikiwa Nairobi. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10. Mama alikuwa ameshika haki yake mkononi. Deni lake lilikuwa sifuri. Kadi yangu mimi ndiyo ilikuwa takataka, kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Hata wangenidunga palepale, siku hiyo nisingepita. Ndiyo maana tarehe yangu ilikuwa imerudishwa nyuma mwezi mzima.

Najua mtaniambia nini. Wacha drama, ni thao tu. Kwangu, ndiyo, ni pizza moja. Lakini thao yangu haikuishia kwangu. Ilipandisha bei ya mtu anayevuka pale kila wiki ili watoto wake wale. Sisi tunaovuka mara moja kwa mwaka, tukiwa na haraka na hela za likizo, ndio tunaopanga bei, halafu tunawaachia wengine waendelee kuilipa.

Mwingine atasema watu wa mpakani wanalipwa vibaya. Huenda ni kweli. Basi wamdai mwajiri wao. Mama wa mitumba hajawahi kuwaajiri.

Na wewe unayeona hii kadi ni karatasi tu ya kutusumbua: homa ya manjano huenezwa na mbu, na inaua. Mbu hasomi kadi. Sheria ya chanjo ni nzuri, na kila kadi ya elfu moja inaigeuza mzaha.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikituahidi kutembeleana bila vikwazo. Tangu hapo tumejengewa majengo na kutengenezewa pasipoti za kielektroniki. Mimi naomba kitu cha bei rahisi zaidi: rangi na brashi. Andikeni ukutani, kwa Kiswahili, herufi kubwa: RAIA WA AFRIKA MASHARIKI, VIZA NI SIFURI. KADI YA HOMA YA MANJANO HAIISHI MUDA. MALIPO YOYOTE YANA RISITI. Na Kenya iandike upande wake pia. Mtanzania anayekuja huku tumuulize anavyopokelewa kabla hatujajisifu.

Sisi nasi tuna kazi. Chanjwa mapema, zaidi ya siku 10 kabla ya safari. Mwambie dereva mapema akupe muda, kwa sababu ile honi ndiyo inayouza kadi. Ukiambiwa toa, uliza kwa sauti: "Hii imeandikwa wapi?" Usiulize kwa kunong'ona. Anayehitaji kulisikia hilo swali ni aliye nyuma yako kwenye foleni.

Ile kadi niliichana. Sasa ninayo ya kweli, na mkono uliniuma siku mbili. Lakini pesa za yule mama sijazirudisha, na sijui ningempata wapi.