Vituo vya watoto vifanye mazoezi ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya usalama katika vituo vya kulelea watoto wadogo.

Septemba 14, 2020, moto uliteketeza bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa na kuua watoto 10. Sote tulisikitika. Lakini vipo vituo hadi leo vyenye mlango mmoja, madirisha ya nondo, na jiko la uji ubavuni mwa mlango huo huo.

Mtoto wa miaka minne akiogopa moto huweza kujificha chini ya meza badala ya kukimbia. Hivyo afundishwe mapema. Kengele ikilia, watoto watoke wameshikana mikono, wakusanyike chini ya mti wanaoujua. Mlezi atoke na daftari la mahudhurio, aite majina. Zoezi hili halihitaji fedha.

Zimamoto wapo kwa namba 114, lakini vijijini gari lao liko mbali. Mwokozi wa kwanza ni mlezi. Kwa hiyo Maafisa Ustawi wa Jamii wanaokagua vituo wadai kuona zoezi hilo, siyo vyoo na viti tu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kagera.