Vitamini za dukani hazimpi mkimbiaji wa Gusii kasi

JAMII ya Abagusii imeipa Kenya wanariadha wa kutajika tangu enzi za Nyandika Maiyoro. Naftali Temu, mzawa wa Nyamira, ndiye aliyeiletea nchi dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 jijini Mexico City mwaka wa 1968. Yobes Ondieki wa Kisii akawa binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, jijini Oslo mwaka wa 1993. Hellen Obiri naye alitwaa ubingwa wa Boston Marathon mnamo 2023 na 2024.

Chipukizi anayetamani kufuata nyayo hizo hukutana na ushawishi mkubwa: vidonge na poda za vitamini zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu na kufukuza uchovu.

Kwa juujuu, hoja ya wauzaji ina mantiki. Mtu anapokimbia, misuli huzalisha chembe kali zinazoweza kudhuru seli. Vitamini C na E ni antioksidanti, yaani hupoza ukali wa chembe hizo. Basi, husemwa, anayemeza nyingi atachoka kidogo.

Sayansi imeonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Chembe hizo hizo ndizo zinazouarifu msuli kwamba umefanyishwa kazi na unapaswa kujiimarisha. Katika utafiti uliofanywa nchini Norway na kuchapishwa mwaka wa 2014, watu 54 walifanya mazoezi kwa wiki 11. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na 235 za vitamini E, wengine vidonge visivyo na dawa. Uwezo wa kutumia oksijeni uliimarika kwa kiwango sawa katika makundi yote mawili. Hata hivyo, misuli ya waliomeza vitamini haikuonyesha ongezeko la mitokondria, mitambo inayozalisha nguvu ndani ya seli, kama ilivyokuwa kwa wenzao. Kwa ufupi, walitumia vidonge bila faida, na huenda kwa hasara.

Haki itendeke: uchambuzi wa mwaka wa 2013 ulibaini kuwa vitamini C ilipunguza kwa nusu hatari ya mafua miongoni mwa wakimbiaji wa marathoni na wengine waliokuwa katika kazi ngumu ya muda mfupi. Lakini kuepuka mafua si kuongeza kasi.

Isitoshe, mashamba ya Kisii na Nyamira yamejaa antioksidanti: managu, chinsaga, parachichi, mapera na matunda ya karakara. Tatizo liko jikoni. Chinsaga huchemshwa kwa muda mrefu na kutiwa maziwa ili uchungu upungue, na moto huo huangamiza sehemu kubwa ya vitamini C. Tunda baada ya mlo linaweza kuziba pengo hilo, na pia husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na ugali wa wimbi.

Chai, fahari ya milima hii, hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula, huzuia chuma kufyonzwa. Kwa mkimbiaji, hasa wa kike anayepoteza damu kila mwezi, chuma ndicho huiwezesha damu kubeba oksijeni. Kusubiri saa moja hivi baada ya kula kabla ya kunywa chai hakugharimu chochote. Anayehisi uchovu usioisha anahitaji kupimwa damu hospitalini kwanza, wala si kununua mkebe wa poda.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Wataalamu wa Cologne, Ujerumani, walipima virutubisho 634 kutoka mataifa 13 mnamo 2000 na 2001, wakapata 94 vyenye homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Vitamini si marufuku michezoni, ila kanuni za kupambana na pufya humwajibisha mwanariadha kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua. Nayo Kenya imeshamulikwa vya kutosha: Novemba 2022 iliponea chupuchupu kufungiwa na Shirikisho la Riadha Duniani, baada ya serikali kuahidi Dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kukabiliana na uovu huo. Kijana wa Keroka au Manga akipatikana na homoni iliyojificha kwenye mkebe wa vitamini, anaweza kufungiwa kwa miaka kadhaa, na mzigo wa kuthibitisha ilikotoka utakuwa wake.